Mikasi ya Nyumba ya Bustelo

Asubuhi ya kuanza kunyoa kondoo, Uberlinda Cárcamo alikuwa akikanda unga katika jiko la wafanyakazi alipowaona wafu wakipanda kutoka ufukweni. Walikuja kama walivyokuja kila Desemba, wameandamana mmoja nyuma ya mwingine, maji yakiwachuruzika, kila mtu na mkasi wa kunyolea mkononi. Aliwaangalia mpaka akamwona mumewe, Eliecer Barría, karibu na mwisho wa mstari, akichechemea kwa kuwa alikuwa na kiatu kimoja tu. Kisha akaongeza kuni, maana unga ulikuwa umegoma kuumuka na upepo ulikuwa unapenya chini ya mlango.

Mnyapara Dunbar, Mskoti aliyezeekea kisiwani Tierra del Fuego, alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na ufagio mkononi.

"Panguseni miguu!" aliwafokea. "Kila mwaka nasema yale yale. Hii ni sakafu, si bahari!"

Walikuwa watu wa Chiloé, kisiwa cha viazi na mvua, na hata walipokuwa hai hawakuwa wepesi wa kumjibu mnyapara. Dunbar akawapeleka kwenye vizimba vya kunyolea vya upande wa dirisha, mbali na meza ya kupangia sufu. Sufu ikilowa haifungwi robota, inaozea njiani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kero yake juu ya wafu, na hakuwa na nyingine. Wanyoaji walio hai wakashika vizimba vya upande wa pili, kengele ikapigwa, na kondoo wa kwanza wakaburutwa ndani kwa mguu wa nyuma.

Kijana wake Uberlinda, Nolasco, alikuwa humo pia, kwenye mashine ya kukandamiza sufu. Mama yake alimkataza kuja kusini, akamlilia, akamtishia hata kumnyima radhi. Kijana akaja. Hapo alipokuwa akiisukuma ile parafujo ya mashine, kifua wazi, alikuwa amekaribia umri aliokufa nao baba yake, na mtu akiwatazama wawili hao kwa mbali angedhani ni ndugu, mmoja kanyeshewa.

Sasa nyumba ya Bustelo, wenye shamba hili, watu wanaisifu sana. Mjini Punta Arenas kuna jumba la mawe lenye jina lao, na kila mkubwa aliyelala humo anatoka akisema wale ni watu wa kazi. Haya, tuiseme hiyo kazi. Don Fermín Bustelo alifika kwenye Mlango wa Bahari wa Magellan akiwa kijana asiye na soksi, akanunua mashua, akawauzia mabaharia pombe kali. Baadaye akagundua kuwa meli zinavunjika kwenye miamba, na anayewahi kufika ndiye anayeokota. Akaokota shaba, vitambaa, piano, na saa za watu. Kwa alivyookota akanunua meli ya mvuke, kwa meli ya mvuke akawabeba kondoo wa watu wengine kuwapeleka Tierra del Fuego, na siku moja akajiuliza kwa nini abebe kondoo wa watu. Serikali ikampa ardhi kwa karatasi iliyotiwa sahihi na bwana ambaye hajawahi kuikanyaga.

Kisiwa kilikuwa na wenyewe, Waselknam. Don Fermín aliajiri watu wa bunduki na kuwalipa kwa kila jozi ya masikio ya watu waliyomletea. Mjini ilisemwa kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Ndiyo, ilikuwa tupu, alipomaliza yeye. Waliouawa husimama mchana kando ya nyaya za uzio, wamejitanda ngozi zao, wakiwatazama kondoo, na kondoo wamewazoea mpaka wanajikuna kwenye miguu yao. Hao hawaingii bandani. Nyumba ya Bustelo haikuwapa kitu cha kurudisha.

Cha kurudisha ni mkasi. Kule kwenye mashamba ya kondoo, mkasi wa kunyolea ni mali ya nyumba. Mwenye shamba ndiye anayekukabidhi siku ya kwanza, mkono kwa mkono, na siku ya mwisho anausubiri mlangoni mwa banda, anaupokea, anasema, "Kazi imekwisha, nenda kwenu." Hapo ndipo mtu anakuwa huru kulewa, kulala, kuoa, kufanya atakavyo. Aliyeshika mkasi wa nyumba bado yuko kazini, na mwingine hawezi kumpokelea isipokuwa yule aliyemkabidhi au mrithi wake. Hakuna aliyewahi kuibishia desturi hiyo, kwa kuwa ilikuwa na faida pande zote mbili.

Mwaka waliokufa kina Eliecer, Don Fermín alikuwa na haraka. Meli ya Uingereza ilikuwa inangoja sufu Punta Arenas, na mawingu meusi yalikuwa yamejikusanya upande wa magharibi. Akasema hakuna nafasi ya kusimama mlangoni kupeana mikono, wanyoaji wapande na mikasi yao, ataipokea gatini ng'ambo. Wakapanda meli yake, *Amparo*. Wakaingizwa kwenye tumbo la meli, wakafunikwa, na juu ya kifuniko yakapangwa marobota ya sufu na kufungwa kamba, kwa sababu mahali pengine palikuwa pamejaa. Upepo ulipowakuta katikati ya mlango wa bahari, nahodha na mabaharia wakashuka kwenye mashua. Waliokuwa chini walisikika wakigonga kwa mikasi. Nahodha mwenyewe aliyasimulia hayo kwenye baraza la uchunguzi, na baraza likaamua kuwa ni ajali ya bahari. Sufu ilikuwa na bima. Kwa fedha ya bima ikanunuliwa *Amparo ya Pili*, nzuri kuliko ya kwanza.

Desemba iliyofuata wafu wakapanda kutoka ufukweni wakaingia bandani. Don Fermín aliwatazama, akavuta sigara yake mpaka mwisho, akasema wapewe vizimba.

Uberlinda alikuja kusini mwaka huohuo, akaomba kazi ya jikoni, ili awe karibu na mumewe. Kila mwisho wa msimu alimfuata Don Fermín na kumwomba aupokee mkasi wa Eliecer. Kila mara mzee alisema, "Mwakani." Mara moja tu alimjibu kwa kirefu, siku aliyokuwa amekunywa.

"Sikiliza, mwanamke. Mtu wako hali, halewi, hagomi, haumwi tumbo. Nimwache aende kwa nini? Ungekuwa wewe ungemwacha?"

"Mimi ningemwacha," alisema Uberlinda.

"Ndiyo maana wewe unapika," alisema Don Fermín, akacheka mpaka akakohoa.

Mkono wa birika yule! Kwa hasira Uberlinda alijaribu kuunyakua mkasi wa mumewe yeye mwenyewe. Akavikamata vile vidole baridi, akavivuta kimoja kimoja, Eliecer naye akisaidia kadiri alivyoweza. Vilikuwa vinajifunga tena. Mwishowe wote wawili wakachoka, wakakaa kwenye gunia.

Mchana wa siku hii ninayoisimulia, walio hai walipokwenda kula, Uberlinda alimfuata mumewe kizimbani kama kawaida yake. Alimletea mkate wa viazi wa moto, ingawa hakuweza kuula. Aliupenda moto wake. Aliushika kwa mkono mmoja, mkasi kwa mkono wa pili.

"Mzee amekufa, umesikia?" Uberlinda alimwambia. "Mwezi wa nane. Kitandani kwake, na padri, na mablanketi."

Maji yakamtoka Eliecer puani.

"Hakupita kwetu," alisema.

"Atapitaje kwenu? Yeye kazikwa pakavu. Sasa bintiye ndiye anashika kila kitu, meli na kondoo. Doña Adelaida. Anakuja mwisho wa msimu. Nitamwomba."

"Umeomba sana, Linda."

"Nitaomba tena. Mdomo ni wangu."

"Nimechoka," alisema Eliecer. Hakuwa mtu wa kulalamika, ndiyo maana neno lile lilimchoma mkewe kuliko kilio. "Si kazi. Kazi ni kazi. Ni kule chini baada ya msimu. Tunakaa tumeshika mikasi tukingoja mtu aje kuipokea. Hatuwezi hata kulala ubavu." Kisha akaelekeza kidevu upande wa mashine. "Yule kijana, nani kamruhusu?"

"Kajiruhusu mwenyewe. Kichwa ngumu, kama wewe."

"Mikono yake mizuri," alisema Eliecer, na akafurahi kidogo, Uberlinda aliona.

Doña Adelaida alifika wiki ya mwisho na *Amparo ya Pili*, amevaa nguo nyeusi za matanga na glavu za ngozi ya mwanakondoo. Alikuwa mpole. Aliwasalimia watu kwa majina, akauliza habari za magoti ya Dunbar, akapita katikati ya wafu akiwa ameinua pindo la gauni. Uberlinda alimpelekea chai sebuleni, akaiweka mezani, asiondoke.

"Sema, Mama Uberlinda."

Uberlinda alisema. Alisema yote, kwa sauti iliyotulia, mikono chini ya aproni. Doña Adelaida alimsikiliza bila kumkata kauli.

"Baba alikuwa mgumu," alisema mwishowe. "Mimi si Baba. Wote siwezi, utanielewa, shamba litasimama. Lakini mmoja naweza. Siku ya mwisho, mlangoni, mbele ya watu, nitaupokea mkasi wa mumeo."

Uberlinda akaushika mgongo wa kiti. "Mungu akubariki, Doña Adelaida."

"Ila kizimba hakikai wazi. Hiyo unaijua. Mkasi wa aliyekufa ukitoka mkono huu unaingia mkono mwingine siku ileile." Akakoroga chai. "Dunbar anamsifu sana kijana wako. Anasema ni dhambi kumwacha kwenye mashine. Tumpe yeye kizimba cha baba yake. Si unaona ni heshima?"

Uberlinda aliona ni heshima. Mnyoaji anapata zaidi ya mkandamizaji, analala karibu na jiko, anaitwa kwa jina lake. Na kijana alikuwa hai, kila mwaka angepokelewa mkasi wake mlangoni kama binadamu. Alipomweleza Nolasco, kijana alimbeba juu, akamzungusha, akamwangusha kwenye sufu.

"Mnyoaji, Mama! Mimi! Hao kina Abdón watanikoma sasa!"

Abdón Mansilla alikuwa rafiki yake, mnyoaji tayari, na alikuwa amemtania msimu mzima kwamba mashine ile inafaa kuendeshwa na ng'ombe.

Siku ya mwisho ilianza kimya, bila upepo. Kule kwetu, siku isiyo na upepo watu huiogopa. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa magharibi. Sufu ilikuwa imechelewa, na Punta Arenas meli ya Uingereza ilikuwa inangoja. Doña Adelaida alisimama mlangoni mwa banda, wafu upande mmoja, walio hai upande mwingine, akamwita Eliecer Barría.

Eliecer akaja akichechemea. Alinyoosha mkono. Doña Adelaida akavua glavu, jambo ambalo watu walilipenda, akaushika mkasi, na vile vidole vikaachia.

"Kazi imekwisha. Nenda kwenu."

Maji yakaacha kumtoka. Shati lake likakauka hapo hapo, kwanza mabega, kisha kifua, chumvi ikabaki nyeupe kwenye mishono. Alipumua. Uberlinda alikuwa hajaisikia pumzi hiyo tangu walipoagana Chiloé, akaitambua, akaanza kulia kwa sauti bila kumwonea mtu haya. Baadhi ya wafu waligeuza nyuso.

"Nolasco Barría," alisema Doña Adelaida, akamkabidhi kijana mkasi uleule, bado una maji.

Watu wakapiga makofi. Kisha Doña Adelaida akatazama mawingu, akaivaa glavu yake.

"Walio hai, tumechelewa. Pandeni na mikasi yenu. Nitaipokea gatini Punta Arenas. Wakandamizaji wabaki wamalize marobota, meli itawarudia."

Uberlinda alinyamaza kulia. Akageuka kuitazama bahari. *Amparo ya Pili* ilikuwa imetia nanga, na mabaharia walikuwa wanapanga marobota juu ya sitaha, pande zote za kifuniko, wakiacha kijinjia cha mtu kupita kwenda chini.

Alimshika Doña Adelaida mkono wa gauni. Hilo halikuwa jambo la mpishi kufanya.

"Ipokee hapa. Nakuomba. Ipokee mikasi yao hapa, sasa hivi."

"Hakuna wakati, Mama Uberlinda."

"Ni kupeana mkono tu!"

"Baba alifanya hivi hivi akiwa na haraka."

"Ndiyo! Na hao hapo!" Uberlinda aliwaonyesha wafu kwa kidole, wanavyochuruzika.

Doña Adelaida aliwatazama kwa adabu. "Ile ilikuwa meli ya zamani," alisema. "Hii ina injini mpya." Akautoa mkono wake taratibu, akashuka kwenda ufukweni, ambako mashua yake ilikuwa inangoja. Yeye angesafiri kwenye chumba cha nahodha.

Uberlinda akamkimbilia mwanawe. "Usipande. Nolasco, usipande, nakukataza."

"Mama, usinitie aibu mbele ya watu."

"Utupe huo mkasi."

Nolasco alijaribu, kwa kumridhisha mama tu. Aliukunjua mkono. Mkasi ukabaki kiganjani. Akaona ni jambo la kuchekesha. "Haunitoki! Umenipenda," alisema, na Abdón akamvuta shati, akimwambia aharakishe kabla nafasi nzuri za kulala hazijachukuliwa.

Eliecer alikuwa ameshafika kwenye geti la uzio. Alikuwa anakwenda kaskazini, upande wa Chiloé, mkavu, bila kitu mkononi. Waselknam walimpisha. Pale getini akageuka kumpungia mkewe, akauona uso wake, akaiona meli, akayaona marobota. Akarudi. Hakukimbia, kwa kuwa kiatu kilikuwa kimoja.

"Hebu," alimwambia mwanawe, akinyoosha mkono. "Nipe mkasi wangu."

"Nimepewa mimi, Baba."

"Umepewa na yule. Nami nilipewa na baba yake, kabla huyo binti hajajua kusimama. Mimi ndiye wa kizimba kile. Nipe."

"Wewe ushaachwa huru! Nenda kapumzike, Mzee!"

"Nolasco," alisema Eliecer, "usinichoshe."

Sijui kama desturi iliruhusu. Dunbar alisema baadaye kwamba haikuruhusu, lakini kwamba mtu akiomba kazi kwa mdomo wake mwenyewe nyumba ya Bustelo haijawahi kumkatalia. Vidole vya kijana viliachia. Mara mkasi ulipoingia mkononi mwa Eliecer, maji yakaanza tena kwenye kola, yakashuka kifuani, yakatiririka kwenye suruali hadi kwenye kile kiatu.

Uberlinda alikuwa amemwomba mume kwa miaka, akapewa, na sasa alikuwa anamtazama akilowa, huku moyoni, Mungu amsamehe, anashukuru.

"Mkate wa mwakani uwe wa moto," Eliecer alimwambia, akajiunga na wenzake waliokuwa wanarudi ufukweni kuingia majini.

Nolasco hakuwa na mkasi, kwa hiyo hakuwa mnyoaji, kwa hiyo hakuwa na nafasi melini. Baharia alimrudisha kutoka kwenye mashua mbele ya watu wote. Abdón alipiga kelele kutoka mashuani: "Rudi kwenye mashine yako, ng'ombe wewe!" Wakacheka mashua nzima. Kijana akaenda kukandamiza sufu kwa hasira, akisema Mzee kamharibia maisha, na hakumsemesha mama yake mpaka jioni, upepo ulipoanza kung'oa mabati ya banda.

Nahodha, Doña Adelaida na mabaharia waliokolewa kwenye mashua. Baraza la uchunguzi likakaa. Doña Adelaida aliongea vizuri, kwa huzuni, na akawagharimia marehemu misa moja ya pamoja. *Amparo ya Tatu* ilifika kabla ya majira ya baridi kwisha.

Desemba iliyofuata Uberlinda alitoa mkate wa viazi jikoni, akaufunga kwenye kitambaa usipoe, akatoka nje. Mstari ulikuwa mrefu. Wa zamani walitangulia, maana waliijua njia, na wapya wakafuata, wakiangalia huku na huku. Nolasco alisimama kwenye mlango wa banda, naye alikuwa mnyoaji sasa, kwa kuwa vizimba vya walio hai vilikuwa wazi vyote. Abdón Mansilla alimpita, mwani shingoni, akasimama.

"Koti nalitundika wapi?" aliuliza.

"Palepale," alisema Nolasco. Hakuweza kumtazama.

Upande wa dirisha, ule wa wafu, ulikuwa umeongezwa urefu wakati wa baridi, kwa amri ya Doña Adelaida, kwa mbao mpya kutoka kaskazini. Dunbar hakuwa na ufagio. Sakafu ya upande ule ilikuwa imejengwa kwa mteremko, na mfereji umechimbwa chini ya ukuta, ili maji ya chumvi yajitokee yenyewe kwenda nje, yasifike kwenye sufu. Kila mtu alisema ni kazi nzuri.